Kuondolewa korodani kwa sababu ya saratani ya tezi dume: mwongozo kamili kwa mzee na familia yake

Mzee mwenye saratani ya tezi dume iliyokwisha kusambaa hufika siku akaambiwa na daktari kwamba homoni ya kiume lazima izimwe. Njia kuu ni mbili: sindano za maisha yote, au upasuaji mdogo wa kuondoa korodani zote mbili. Wengi wakisikia hilo la pili huomba ruhusa ya "kwenda kushauriana nyumbani", na wengine hawaonekani tena mpaka waletwe kwa machela, miguu haisogei.

Mwongozo huu ni wa yule aliyetoka chumba cha daktari jana na karatasi mkononi, pamoja na mke au mtoto atakayemsindikiza kurudi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kisu chenyewe ndiyo sehemu nyepesi. Kazi iko kwenye miaka ya kuishi bila homoni hiyo, na huko ndiko maelezo ya wodini huwa mafupi mno.

Kwanza, hakikisha unatibiwa nini

Usikubali kuondolewa korodani kwa sababu tu PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, imepanda. Kipimo hicho hupanda pia tezi inapotanuka kwa uzee, kunapokuwa na maambukizi ya mkojo, na hata baada ya kuwekewa mpira wa mkojo. Kinachotakiwa ni majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye tezi, yakiwa na alama ya Gleason inayoonyesha ukali wa saratani, pamoja na picha za kuonyesha ugonjwa umefika wapi: CT, skani ya mifupa, au walau eksirei ya mgongo na nyonga pale ambapo mashine kubwa hazipo. Dharura ndiyo inayoweza kubadili utaratibu: mgonjwa anayepooza, PSA yake iko kwenye mamia, tezi ni ngumu kama jiwe. Huyo daktari anaweza kumtibu huku majibu yakisubiriwa.

Swali la kuuliza ni moja: "Daktari, ugonjwa bado uko ndani ya tezi au umetoka?" Kama bado uko ndani, kuondoa korodani siyo tiba yake. Hapo kuna upasuaji wa tezi yenyewe au mionzi, na wengine hupona kabisa. Anayepewa mionzi huenda akazimiwa homoni kwa muda, kuanzia miezi 6 hadi miaka 3 kutegemea ukali wa ugonjwa, kisha mwili ukaachiwa uirudishe. Kwa mtu wa namna hiyo sindano ndiyo sahihi, kwa sababu korodani ikishatoka hairudi.

Upasuaji unamfaa mzee ambaye saratani imefika mifupani au kwingine, na ambaye homoni yake haitawashwa tena. Seli za saratani ya tezi dume hukua kwa kutegemea testosteroni, yaani hiyo homoni ya kiume, na zaidi ya asilimia 90 ya homoni hiyo hutengenezwa kwenye korodani. Kiasi kidogo hutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo. Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1941 na Charles Huggins na mwenzake Clarence Hodges huko Chicago, na Huggins akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Wagonjwa waliokuwa hawalali kwa maumivu ya mifupa walipata nafuu upesi. Haikuwa kupona wakati ule, na leo pia siyo kupona: ugonjwa hulazwa kwa miezi au miaka, kisha mara nyingi huamka.

Kisu au sindano

Kwa kuzima homoni, njia hizi zinalingana. Lengo ni testosteroni ishuke chini ya 50 ng/dL, na madaktari wengi siku hizi hupenda iwe chini ya 20. Tofauti iko kwenye mwendo, fedha, na jinsi utakavyojisikia unapojitazama.

Upasuaji hushusha homoni ndani ya siku moja. Sindano za kawaida kama goserelini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Zoladex, huchukua wiki 2 hadi 4, na mwanzoni huipandisha homoni kabla ya kuishusha. Kupanda huko kwa mzee mwenye saratani kwenye uti wa mgongo kunaweza kumpoozesha. Ndiyo maana kabla ya sindano ya kwanza anapaswa kupewa vidonge vya bikalutamidi na kuendelea navyo wiki kadhaa. Ukiona unachomwa sindano ya kwanza na hakuna aliyetaja vidonge, uliza hapo hapo kabla hujapandisha shati. Ipo pia degareliksi, sindano isiyopandisha homoni na inayoizima ndani ya siku chache, ila upatikanaji wake kwetu ni wa shida.

Halafu kuna suala la kuhudhuria. Goserelini ya 3.6 mg huchomwa kila siku 28, ya 10.8 mg kila wiki 12. Ukikosa, homoni inarudi, na saratani nayo inarudi. Mzee anayeishi Dar es Salaam karibu na hospitali ya saratani ya Ocean Road, bima yake iko hai na watoto wanamfuatilia, anaweza kuimudu ratiba hiyo. Aliye kijijini Kigoma au Turkana, anayetegemea mtoto atume nauli, ajiulize kwa ukweli kama atakuwa anahudhuria mwaka wa tatu. Dawa yenyewe nayo haitakiwi kukaa kwenye joto linalozidi nyuzi 25, kwa hiyo kuibeba kwenye basi la mchana kutwa ndani ya mfuko wa plastiki ni kujidanganya.

Kuhusu bima, usitosheke na jibu la "inalipiwa". Uliza kama sindano imo ndani ya kifurushi chako, ni ngapi kwa mwaka, na kikomo kikifika nani analipa. Kwa walio Kenya, maswali hayo sasa yanaelekezwa SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Upasuaji hulipiwa mara moja ukaisha.

Kwa mzee mwenye ugonjwa uliosambaa, asiye na uhakika wa fedha wala usafiri, mimi nauona upasuaji kuwa uamuzi wa busara kuliko sindano zitakazokatika njiani. Anayeona hataweza kabisa kukubaliana na mwili wake bila korodani, na uwezo wa sindano anao, achukue sindano bila kuona haya. Wapo pia wanaoanza na sindano, wakaona madhara yake yalivyo, kisha wakaamua kukatwa. Hiyo nayo ni njia halali.

Jambo moja zaidi la kuuliza siku hiyo hiyo. Tafiti zilizotolewa 2015 na 2017 zilionyesha kwamba wagonjwa wengi wa saratani iliyosambaa huishi muda mrefu zaidi wakiongezewa, tangu mwanzo, dawa ya pili kama dosetakseli au abirateroni. Abirateroni huziba pia ile homoni inayotoka nje ya korodani, na Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Kwa hiyo ukiwa umekubali kisu, usifunge mjadala hapo. Uliza: "Baada ya hapa, naongezewa nini?"

Mazungumzo ya nyumbani

Nenda na mke wako kwa daktari. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu wanaume wengi hufanyiwa upasuaji huu wakiwa wamewaambia nyumbani kuwa ni "ngiri". Miezi mitatu baadaye mke anaona mume hamgusi, usiku analowa jasho, mchana analia bila sababu, na anaanza kutafuta sababu zake mwenyewe, ikiwamo nyumba ndogo au kurogwa. Siri hiyo huharibu ndoa kuliko upasuaji wenyewe.

Kuna hofu ambazo hazisemwi mpaka mtu aulizwe. Mzee mmoja alimngoja daktari atoke ndipo akamnong'oneza muuguzi: "Mwanangu, nikishakatwa nitakojoaje?" Yule binti akavuta kiti akakaa. "Babu, uume haukatwi wala hauguswi. Utakojoa umesimama kama siku zote. Zinatolewa kokwa tu, na mfuko wake unabaki." Mzee alisaini fomu asubuhi ile ile. Sauti pia haibadiliki, kwa kuwa ilishakomaa ujanani, na ndevu huendelea kuota ingawa huweza kupungua.

Hofu ya kuitwa maksai ipo. Dawa yake ni kuamua mapema nani ataambiwa. Mke na mtoto mmoja au wawili wa kukusaidia wanatosha. Kijiwe cha kahawa hakihusiki.

Kuhusu dini, Uislamu unakataza mtu mzima wa afya kujihasi, lakini ugonjwa unaoua unaingia kwenye mlango wa dharura, na sheikh mwenye elimu atakufafanulia. Wakristo wengine hubeba mzigo wa Kumbukumbu la Torati 23:1, panapomkataza aliyehasiwa kuingia katika mkutano wa Bwana. Hao wasome na Isaya 56, ambapo towashi anapewa nafasi ndani ya nyumba ya Mungu. Kama familia inataka kukabidhiwa korodani ili zizikwe, semeni kabla ya siku ya upasuaji. Mkishatoka wodini huwa zimeshapelekwa maabara au kuteketezwa.

Siku ya upasuaji

Kabla ya siku yenyewe utapimwa wingi wa damu, sukari, presha, mkojo na moyo. Pima PSA na testosteroni pia, ili kuwe na namba za kulinganisha baadaye. Taja kila dawa unayomeza, hasa aspirini, klopidogreli na wafarini, kwa kuwa huongeza damu kuvuja. Usiache hata moja kwa uamuzi wako. Daktari ndiye atakayesema isimamishwe lini. Mwenye mpira wa mkojo aje nao.

Ganzi huchomwa ama mgongoni ama pale pale kwenye mfuko, na ni wachache wanaohitaji nusu kaputi. Daktari anapasua sentimita chache katikati ya mfuko, anafunga mishipa, anatoa korodani moja kisha ya pili, anashona kwa nyuzi zinazoyeyuka. Mara nyingi haizidi saa moja, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo au kesho yake.

Anayeogopa mfuko kubaki mtupu aulize kama inawezekana kutolewa nyama ya ndani tu na ganda likaachwa. Ganda hilo hubaki kama kijidonge kinachoshikika, na nguo hukaa kama zamani. Ni lazima nyama yote itoke, maana inayobaki itaendelea kutengeneza homoni, kwa hiyo testosteroni ipimwe baadaye kuthibitisha.

Upasuaji huu ni wa hospitali yenye chumba cha upasuaji na daktari aliyesajiliwa. Si wa zahanati ya uchochoroni, hata kama bei inavutia.

Wiki mbili za mwanzo

Vaa chupi inayobana, siyo boksa ya kupwaya. Mfuko ukining'inia, damu huvilia na maumivu huzidi. Ukilala, kunja kanga au taulo dogo uliweke chini ya mfuko ili uinuke kidogo. Barafu isaidie siku mbili za kwanza, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa, dakika 15 kisha unaiondoa. Michubuko ya rangi ya zambarau na uvimbe wa kiasi ni kawaida.

Kidonda kikae kikavu kwa muda ulioelekezwa, baada ya hapo maji safi na sabuni vinatosha. Usipake spiriti, majivu wala dawa ya kienyeji. Usibebe ndoo, gunia wala mjukuu kwa wiki 2 hadi 4, na baiskeli na bodaboda zisubiri. Rudi hospitali haraka ukiona mfuko unajaa na kukaza ghafla, usaha, harufu, homa, au mkojo kukataa kutoka.

Mwili bila testosteroni

Madhara haya humpata wa sindano na wa kisu sawasawa. Hayaji yote, wala hayaji siku moja.

*Joto la ghafla.* Hili ndilo wengi hulalamikia kwanza. Joto linaanzia kifuani, linapanda shingoni na usoni, jasho linamwagika, kisha baada ya dakika chache unasikia baridi. Usiku shuka huloa hadi mke anawasha taa akidhani umeugua. Kosa la kawaida kwetu ni kulichukulia kuwa malaria. Mzee anameza dozi leo, anameza nyingine mwezi ujao, na jasho lipo pale pale. Nunua kipimajoto. Joto hili huja na kuondoka na kipimajoto hakionyeshi homa. Kikionyesha nyuzi 38, hiyo ni homa ya kweli, nenda ukapime malaria. Chai ya moto sana, pilipili na pombe huliamsha. Vaa pamba, lala na shuka jepesi unaloweza kulitupa pembeni, weka kitambaa chenye maji karibu. Likikunyima usingizi mwambie daktari, kwani kuna vidonge kama medroksiprojesteroni au venlafaksini vinavyosaidia.

*Mifupa.* Hapa ndipo pa kuweka nguvu zako. Bila testosteroni mifupa hupungua uzito mwaka hadi mwaka, zaidi ile miwili ya kwanza, na mzee akivunjika nyonga mara nyingi harudi alivyokuwa. Unahitaji kalsiamu kama mg 1,000 hadi 1,200 kwa siku. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina karibu mg 300. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao ni hazina, mtindi pia. Vitamini D, yuniti 800 hadi 1,000, huweza kuhitajika kwa vidonge, hasa kwa anayeshinda ndani. Acha sigara.

Kisha kagua nyumba. Wazee wengi huanguka usiku wakienda chooni, na mwenye tezi dume huenda mara nyingi. Ondoa mkeka unaojikunja mlangoni. Kandambili zilizoisha soli zitupe. Kama choo kiko nje, weka kopo au ndoo ya mkojo chumbani na tochi chini ya mto. Hospitali inayoweza ikupime uzito wa mifupa. Ukiandikiwa sindano ya kuimarisha mifupa, kama asidi ya zoledroniki, kamwone kwanza daktari wa meno: jino bovu likingolewa katikati ya tiba hiyo, taya linaweza kukataa kupona.

*Misuli na tumbo.* Mikono na mapaja hupungua, kitambi huongezeka, sukari na mafuta kwenye damu hupanda. Tembea nusu saa siku tano kwa wiki. Muhimu zaidi ni mazoezi ya nguvu mara mbili au tatu kwa wiki: kaa kwenye kiti, inuka bila kujishika, rudia mara 10, pumzika, rudia tena. Kwa mikono, madumu mawili ya maji ya lita 3 au 5 yanatosha. Mwenye saratani kwenye uti wa mgongo aulize kwanza ni uzito gani anaruhusiwa. Punguza soda na sukari kwenye chai, na sahani iwe na ugali mdogo kuliko uliouzoea, maharage na mboga zaidi. Pima sukari na presha kila unapokwenda kliniki.

*Damu.* Wingi wa damu hushuka kidogo kwa wengi, na uchovu ukaingia. Usikimbilie vidonge vya chuma kabla ya kupimwa. Mara nyingi chuma siyo kilichopungua.

*Moyo na akili.* Mtu aliyekuwa mkavu wa macho anaweza kulia kwenye taarifa ya habari. Hasira za karibu, usahaulifu na kukata tamaa vinaweza kuja. Ikipita wiki mbili hujisikii kufanya lolote, sema kliniki. Huzuni hiyo ina tiba.

Kitandani

Hamu ya tendo la ndoa hupungua sana, na kwa wengi huisha. Uume husinyaa kidogo. Tofauti hii ieleweke na wote wawili: kabla, tatizo la mwanaume mzee huwa ni kutaka na kushindwa, sasa ni kutotaka. Ndiyo maana sildenafili humsaidia huyu kwa kiasi tu, na asiimeze kabisa anayetumia dawa za moyo za aina ya naitreti, kwani presha huweza kuporomoka.

Vumbi la Kongo na mchanganyiko wa mitaani wa "nguvu za kiume" viepuke. Hujui kilichomo, na baadhi ya dawa za namna hiyo zimekutwa zimechanganywa kisirisiri na sildenafili. Usikubali pia kuchomwa testosteroni na mtu anayekuahidi kukurudishia ujana, maana utakuwa unailisha saratani uliyokwisha kuinyima.

Kinachobaki si kidogo. Kulala kitanda kimoja, kukandana mgongo, kuongea usiku. Mke aambiwe waziwazi kwamba kutoguswa si kuchukiwa, na aulizwe yeye anataka nini. Wengi hawajawahi kuulizwa.

Kliniki: namba za kufuatilia

Pima PSA miezi 3 baada ya upasuaji, kisha kila miezi 3 hadi 6. Ikishuka sana na kubaki chini, hiyo ni dalili njema. Usiipime kila wiki kwenye maabara za mtaani. Kila moja ina mashine yake, na tofauti ndogo itakunyima usingizi bure. Tumia maabara moja.

PSA ikianza kupanda mara mbili au tatu mfululizo, ipimwe testosteroni. Ikiwa iko chini ya 50 ng/dL na PSA bado inapanda, saratani imejifunza kuishi na kiasi kidogo kilichobaki, na ni wakati wa dawa nyingine. Anayepewa abirateroni aimeze tumbo likiwa tupu pamoja na prednisoloni aliyoandikiwa, apimwe presha, potasiamu na ini mara kwa mara.

Usingoje tarehe ya kliniki

Maumivu mapya ya mgongo yanayozidi ukilala au ukikohoa, miguu kulegea, ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini, mkojo au choo kugoma ama kutoka bila kujua: hiyo ni saratani inayobana uti wa mgongo, na inapimwa kwa saa, siyo siku. Usikandwe, usipelekwe kwa mtu wa kunyoosha mifupa. Alale chali, abebwe sawa, apelekwe hospitali ya rufaa. Mpokezi aambiwe sentensi hii: "Ana saratani ya tezi dume na miguu inalegea." Majibu ya kinyama, tarehe ya upasuaji na PSA ya mwisho vipigwe picha sasa hivi na kuwekwa kwenye simu za watu wawili nyumbani, kwa sababu usiku huo faili halitaonekana.